Sura ya Nne: Ndugu Kwanza, Ndoa Baadaye

Wakongomani walipokwenda kupiga kura Desemba 2018, mmoja wa wagombea urais aliitwa Emmanuel Ramazani Shadary, mzaliwa wa Kasongo katika mkoa wa Maniema. Msomaji wa mbali huenda akayashangaa majina hayo mawili ya mwanzo. Emmanuel ni jina la kanisani, la Krismasi kabisa. Ramazani ni mwezi wa kufunga. Kusini mwa Maniema hakuna anayeshangaa. Huko unaweza kumkuta katekista anaitwa Shabani, au mwimbaji wa kwaya anaitwa Amisi, na jina limeandikwa hivyo hivyo kwenye cheti cha ubatizo wala padri hakuuliza kitu. Mtoto amerithi jina la babu, na babu alikuwa Mwislamu. Mobutu alipoyapiga marufuku majina ya Kikristo ya Kizungu mwaka 1972, akina Emmanuel na akina Jean walitoweka kwenye vitambulisho kwa miaka mingi. Ramazani na Saidi wakabaki, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuwa majina ya mababu.

Nimetanguliza majina kwa sababu yanatuonyesha kitu ambacho vitabu vingi vya ndoa za dini mbili havikioni. Vitabu hivyo huanza na kijana na binti waliopendana, kila mmoja akitoka kwa watu wa dini yake, halafu wazazi wanashtuka. Kasongo na Kabambare mambo yalianzia kwingine. Dini mbili ziligawana watoto wa tumbo moja kabla hazijakutana kitandani. Mwislamu wa huko anapomwoa Mkristo, anaingia katika ukoo ambao una Waislamu tayari, na yeye mwenyewe ana shangazi anayekwenda misa. Usipolijua hilo hutaelewa chochote kuhusu nyumba hizi.

Kasongo iko mashariki ya mto Lualaba, na Kabambare iko mashariki zaidi, kwenye njia iendayo Ziwa Tanganyika. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya misafara. David Livingstone aliingia Kabambare, yeye aliiandika Bambarre, mwezi Septemba 1869, akiwa pamoja na wafanyabiashara waliotoka Ujiji. Miaka michache baadaye Hamed bin Muhammed, yule mfanyabiashara aliyejulikana kama Tippu Tip, akaifanya Kasongo makao yake makubwa, na mwanawe Sefu akaitawala baada yake. Mpunga ulienea, Kiswahili kikaenea, na Uislamu ukaenea. Tusilifiche jambo lililokuja pamoja nao: pembe za ndovu zilibebwa na watu waliotekwa, na vijiji vya Wazimba, Wakusu na Wabangubangu viliungua. Wengi waliotamka shahada mara ya kwanza katika nchi hiyo walikuwa mateka, wapagazi, na wanawake ambao hawakuulizwa kama wanataka kuolewa. Wajukuu wao ndio masheikh wa leo, na dini wanayoishika wameifanya yao kwa haki yao wenyewe.

Jeshi la Dola ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji, chini ya Francis Dhanis, liliiteka Kasongo tarehe 22 Aprili 1893. Utawala wa Waarabu wa misafara ukaisha. Sala zikaendelea, na katika miongo iliyofuata Uislamu ulizidi kuota mizizi vijijini, hasa kwa njia ya tarika ya Kadiriya. Wabelgiji hawakuupenda. Waliwaangalia walimu wa Kurani kwa jicho la askari, na shule wakawaachia wamisionari. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwalipa wamisionari, Wakatoliki kwanza, waendeshe masomo. Waislamu hawakupewa shule yao. Shule za serikali zisizo za dini kwa Waafrika zilifunguliwa tu baada ya Auguste Buisseret kuwa waziri wa makoloni mwaka 1954, na miaka 6 baadaye uhuru ukafika.

Hapo ndipo watoto wa tumbo moja walipogawanywa. Mzee mwenye watoto wa kiume watatu na shamba la mpunga alikuwa na hesabu ya kufanya. Akimpeleka mtoto misheni, atajifunza kusoma Kifaransa na huenda akawa karani, lakini atarudi amebatizwa. Asipompeleka, atabaki na dini ya baba yake na jembe la baba yake. Wazee wengi walikata shauri la katikati: mmoja aende kwa mapadri, wengine wabaki kwa mwalimu wa chuo. Yule wa misheni akarudi anaitwa Joseph. Ndugu zake wakaendelea kumwita jina la utotoni. Baba hakumfukuza, kwa sababu yeye ndiye aliyemtuma. Nimeyasikia masimulizi ya namna hii katika familia nyingi kiasi kwamba siwezi kuyaita bahati ya nyumba moja. Ukoo wenye dini mbili Kasongo ni matokeo ya sera ya shule.

Kanisa nalo lilikua. Kasongo ilipewa vikarieti mwaka 1952 ikawa dayosisi mwaka 1959, na Kabambare imo ndani yake. Ng'ambo ya Lualaba, kwenye teritwari ya Kibombo, Wamethodisti walijenga misheni yao Tunda. Kwa hiyo ukisema "Wakristo" usifikirie Wakatoliki peke yao. Ila katika nyumba ninazozisema hapa, mzozo na mapatano mengi ni ya Mwislamu na Mkatoliki.

Sasa tuingie uani.

Ni mkesha wa Krismasi katika boma la Mkatoliki mzee. Mbuzi amefungwa chini ya mwembe tangu asubuhi. Mwenye nyumba ana kisu kizuri, ana nguvu za kutosha, na mbuzi ni wake. Hata hivyo anangoja. Anamngoja mkwe wake, mume wa binti yake wa pili, ambaye ametoka kusali alasiri na kofia bado iko kichwani. Mkwe anafika, anasalimia kwa kuinama kidogo kama inavyompasa mtu mbele ya baba mkwe, anakinoa kisu tena ingawa kimenolewa. Majani ya mgomba yanatandazwa. Mbuzi analazwa ubavu wa kushoto, kichwa kikielekezwa kaskazini-mashariki, maana ndiko iliko Maka ukiwa Kasongo. Baba mkwe mwenyewe anashika miguu ya nyuma. Mkwe anataja jina la Mungu, anachinja mara moja, na damu inaingia kwenye shimo dogo walilochimba watoto. Halafu kisu kinarudi kwa mwenye mbuzi na yeye ndiye anayepasua na kugawa: kidari kwa huyu, paja kwa yule, kwa kanuni za ukoo ambazo ni za kale kuliko msikiti na kanisa.

Mapatano hayo hayakuandikwa popote, na yanashikwa. Sheria ya Kiislamu, kwa maoni ya wanazuoni wengi, haimkatazi Mwislamu kula kilichochinjwa na Mkristo aliyemtaja Mungu. Lakini mtaani hakuna anayetaka kuanza mjadala huo siku ya sikukuu. Mkristo hapotezi kitu akimwachia Mwislamu kisu, na kila mtu anakula. Sikukuu ambayo nusu ya ukoo hawali ni fedheha kwa mwenye nyumba.

Nyama ya mwitu ina taabu zaidi. Maniema ni nchi ya misitu, na mtego haumchinji mnyama. Nguruwe mwitu, tumbili, nyama iliyokaushwa kwa moshi na kuletwa kutoka vijijini: hizo hupikwa na shemeji Mkristo nyuma ya nyumba, kwenye sufuria yake, na sufuria hiyo haioshwi pamoja na nyingine. Pombe nayo haipitii mlango wa mbele; mwenye hamu ya lutuku huenda kwa jirani. Ndiyo maana chakula kinachowapatanisha watu kwa urahisi kuliko vyote ni samaki wa Lualaba. Samaki hahitaji kuchinjwa. Weka samaki, sombe ya mawese, wali na bukari, na hakuna atakayeuliza nani alishika kisu.

Mwaka 2026 kalenda ziligongana kwa namna ambayo haitokei mara nyingi. Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 18 Februari, na Ramadhani ikaanza siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa jinsi mwezi ulivyoonekana. Mfungo wa Mkatoliki ni mwepesi kwa sheria: siku mbili za kufunga, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na kujinyima nyama siku za Ijumaa. Wa Mwislamu ni wa kila siku, tangu alfajiri mpaka magharibi. Lakini katika nyumba ya dini mbili hesabu hiyo haimhusu mpishi. Anayeamka saa tisa usiku kupasha daku ni mwanamke, awe anafunga au hafungi. Anayepika uji wa futari ni yeye. Watoto wadogo wanataka chakula cha mchana, na anayewapikia ni yeye huyo huyo, aliyeamka saa tisa. Nimeona wanaume wengi wakizisifu nyumba hizi kwa amani yake. Sifa hizo ziende kwanza kwa wanawake, kwani ndio wanaoilipia amani hiyo kwa usingizi wao.

Wanailipia pia kwa dini yao. Desturi iliyoenea kusini mwa Maniema ni kwamba mke humfuata mume, na watoto huhesabiwa kwa baba. Kwa upande wa Waislamu kuna sababu ya kisheria: Sura ya Al-Maida, aya ya 5, inamruhusu Mwislamu mwanamume kuoa mwanamke wa watu wa Kitabu bila kumsilimisha, lakini mafakihi hawamruhusu mwanamke Mwislamu kuolewa na asiye Mwislamu. Kwa hiyo kwa Mkristo anayeolewa na Mwislamu, kusilimu si sharti. Watu wanamsilimisha hata hivyo, mara nyingine wiki ya harusi, kwa haraka, bila kumfundisha. Hili silikubali. Mwanamke aliyebadilishwa jina Alhamisi ili aolewe Jumamosi hajapewa dini yoyote, na kwa fikihi yenyewe hakuna aliyelazimika kumfanyia hivyo.

Kanisa Katoliki nalo lina mlango wake mwembamba. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1086, inasema ndoa ya Mkatoliki na mtu asiyebatizwa si halali mpaka askofu atoe ruhusa, na kanuni ya 1125 inamtaka Mkatoliki aahidi kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe. Ahadi inatakiwa kwa Mkatoliki peke yake. Mwenzake anaarifiwa tu. Wasioomba ruhusa hiyo, wakaoana kwa sheikh basi, mwenzao Mkatoliki hukatazwa komunyo. Utamwona Jumapili amekaa kwenye benchi na kikwembe chake kizuri, watu wanapanga mstari, yeye hasimami. Wengine hukaa hivyo miaka 20. Padri mwenye moyo angemtembelea nyumbani, akamweleza kwamba ruhusa inaweza kuombwa hata baada ya harusi na ndoa ikanyoshwa.

Ukoo, kwa bahati, huwa na dawa ambazo vitabu vya sheria havina. Chukua suala la walii. Binti aliyesilimu kwa hiari yake anataka kuozeshwa, na baba yake ni Mkatoliki, hawezi kuwa walii wake. Penginepo hilo lingekuwa msiba kwa baba. Kasongo atatafutwa baba mdogo aliye Mwislamu, naye hakosekani. Baba mzazi anakaa kando yake wakati wa akdi, na mali ya binti, yaani mahari ya kimila, anaipokea yeye. Mali hiyo ni mbuzi, pesa, vikwembe, blanketi. Inagawanywa upande wa baba na upande wa mama. Kisha kuna mahari ya Kiislamu, ambayo ni haki ya bibi harusi mwenyewe na haigawiwi mtu. Wakwe wazuri huzitenganisha mbele ya mashahidi. Wakwe wabaya huzichanganya, na binti hapati kitu.

Tukiwalinganisha na wengine, tofauti inaonekana. Nchini Marekani, utafiti wa Pew wa mwaka 2020 ulikuta kwamba kati ya Wayahudi waliooa au kuolewa kuanzia 2010, asilimia 61 walikuwa na mwenzi asiye Myahudi, mara nyingi wa asili ya Kikristo. Kwa sheria ya jadi ya Kiyahudi mtoto ni wa dini ya mama, kinyume cha Kasongo. Mwaka 1983 marabi wa madhehebu ya Reform Marekani wakakubali pia mtoto wa baba Myahudi, mradi alelewe Kiyahudi. Maswali yao ni yale yale: mti wa Krismasi, tohara, kaburi. Lakini huko maswali hayo wanaachiwa watu wawili sebuleni. Hata hapa Kongo Wayahudi walipita njia hiyo. Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes walikaa Elisabethville, leo Lubumbashi, wakajenga sinagogi lao, na baadhi yao walizaa na wanawake wa Katanga. Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga, ni mtoto wa Nissim Soriano, Myahudi wa Rhodes, na mama Mwafrika. Na mtu aliyejulikana kama Emin Pasha, aliyeuawa katika misitu ya mashariki ya Kongo mwezi Oktoba 1892, alizaliwa Isaak Eduard Schnitzer katika familia ya Kiyahudi huko Silesia mwaka 1840. Baba alifariki, mama akaolewa na Mkristo, mtoto akabatizwa Mlutheri. Alipokuwa mtumishi wa dola ya Kituruki alichukua jina la Kiislamu. Alibeba dini tatu maishani mwake bila ukoo wa kumsaidia kuzipanga. Mtoto wa Kasongo anayekwenda chuoni kwa babu wa baba na kwenye katekisimu kwa bibi wa mama ana watu wa kumsaidia, tena wengi.

Lakini ukoo huo huo hubadilika mtu akifa. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo nyumba hizi zinapovunjika.

Mwislamu huzikwa upesi, siku hiyo hiyo au kesho yake: anaoshwa, anavikwa sanda, analazwa ubavu wa kulia akielekea kibla. Wakristo wanataka matanga, wanataka kumngoja mtoto aliyeko Kindu au Bukavu, na wakati wa mvua barabara ya kutoka Kindu haina saa. Marehemu kama alikuwa anakwenda msikitini na pia alibatizwa utotoni, au kama alisilimu kwa ajili ya ndoa tu, pande mbili zitamgombania. Nimeona jeneza likinunuliwa na sanda ikinunuliwa kwa maiti mmoja. Mara nyingi mzee wa ukoo huamua, na huamua kwa kuuliza alisema nini mwenyewe alipokuwa mgonjwa. Asipokuwa amesema, anayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Baada ya siku ya arobaini huja mirathi. Kwa fikihi inayofuatwa na wengi, asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Mjane Mkristo aliyekaa na mume miaka 30, akampikia daku miaka yote hiyo, hana fungu. Sheria hiyo hiyo ina mlango: mume anaweza kumwachia kwa wasia, na wasia unafika mpaka theluthi moja ya mali yake kwa mtu asiye mrithi. Sijui kwa nini mlango huu hautangazwi misikitini kila Ijumaa. Kwa upande wa mila, ndugu wa mume huona nyumba ni ya ukoo na mjane arudi kwao.

Serikali inasema jambo la tatu. Sheria ya Familia ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa 15 Julai 2016, haijali dini. Watoto wote, wa kike na wa kiume, wanarithi sawasawa, na fungu lao ni robo tatu. Wanandoa wasiochagua utaratibu mwingine wanashirikiana mali waliyoichuma pamoja. Mjane, awe wa dini gani, ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokuwa wakiishi. Ila sheria hiyo inamlinda mke ambaye ndoa yake imeandikwa etasivili, yaani ofisi ya serikali ya usajili. Ndoa ya msikitini peke yake, au ya kanisani peke yake, au ya mali peke yake, haimpi mjane karatasi ya kuwaonyesha mashemeji wanaobeba magodoro. Tena sheria haitambui mke wa pili. Watoto wake hata hivyo wanarithi, mradi baba yao amewatambua rasmi akiwa hai. Baba asiyewaandikisha anawaacha mikono mitupu, hata kama kila mtu mtaani anajua ni wake.

Wewe unayeishi katika nyumba ya namna hii, Kasongo mjini au huko Kabambare, umekwisha kulimaliza jambo gumu: unaishi vizuri na watu wa dini nyingine, na ulifundishwa na babu zako kabla hapajawa na semina. Kilichobaki ni karatasi. Andikisheni ndoa yenu etasivili, hata kama mna wajukuu. Andikisheni kila mtoto, wa mke yeyote. Mume Mwislamu mwenye mke Mkristo aandike wasia wa theluthi mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, na kila mmoja atamke mbele ya watoto wake anataka azikwe na nani. Fanyeni hivyo mkiwa wazima nyote wawili.